Joto kali nchi kame: Kabla ya kurejea nyumba za udongo, tuupime udongo

MWAKA 2024 uliingia katika kumbukumbu za Shirika la Hali ya Hewa Duniani (WMO) ukiwa wenye joto kali kuliko miaka yote tangu vipimo vilipoanza kuwekwa. Wastani wa joto la dunia mwaka huo ulizidi ule wa kabla ya mapinduzi ya viwanda kwa takriban nyuzi 1.55 za Selsiasi.

Mkazi wa Lodwar, Garissa au Dodoma hahitaji kufafanuliwa tarakimu hizo. Anazihisi mwilini kila saa nane mchana, pale bati lililo juu ya kichwa chake linapopata moto wa kutosha kuunguza kiganja, na anaendelea kuzihisi usiku kwa sababu ukuta wake wa matofali ya saruji bado haujapoa.

Ndiyo maana wito wa kurejea kwenye nyumba za udongo, hasa zile zilizochimbwa ardhini au kufunikwa kwa udongo, umepata wasikilizaji wengi miaka ya karibuni. Picha za Matmata nchini Tunisia na Coober Pedy nchini Australia hutolewa mara kwa mara kama ushahidi kwamba binadamu anaweza kuishi jangwani bila kiyoyozi.

Wito huo una hoja nzito. Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa (UNEP), lenye makao makuu Gigiri, Nairobi, lilikadiria mwaka 2022 kuwa majengo na shughuli za ujenzi vilichangia takriban asilimia 37 ya hewa ya ukaa itokanayo na nishati na viwanda. Saruji peke yake ina fungu kubwa humo. Aidha, mfuko wa saruji unaosafirishwa mamia ya kilomita hadi Marsabit au Turkana hufika ukiwa umepanda bei, ilhali udongo upo mlangoni.

Kasoro ya wito huo ni kwamba hutolewa kana kwamba jangwa ni moja na udongo ni mmoja. Hilo si kweli, na atakayelipia kosa hilo si mtoa wito bali ni mwenye nyumba.

Udongo hauzalishi baridi

Ni vyema kuanza na kazi halisi ya udongo. Udongo hauzalishi baridi, hulichelewesha joto. Ukuta wa udongo wenye unene wa sentimeta 30 huchukua kadiri ya saa 8 hadi 10 kulipitisha joto kutoka nje hadi ndani. Jua lililoupiga ukuta huo saa nane mchana huanza kuhisika chumbani kati ya saa nne na saa sita usiku, wakati hewa ya nje imekwisha kupoa na dirisha linaweza kufunguliwa.

Mtu akishuka ardhini mita kadhaa, hata tofauti ya kiangazi na kipupwe hufifia. Joto la huko chini hukaribia wastani wa joto la mwaka mzima la mahali hapo, wala halishuki chini ya wastani huo kwa sababu mtu amechimba kwa bidii zaidi.

Hapo ndipo siri ya Coober Pedy ilipo. Mji huo wa wachimbaji wa vito vya opali, uliochipuka baada ya opali kugunduliwa mwaka 1915, upo takriban kilomita 850 kaskazini mwa Adelaide. Mchana wa kiangazi joto lake huweza kuvuka nyuzi 45, lakini usiku wa kipupwe ni wa baridi kali, hivyo wastani wa mwaka ni nyuzi 21 hivi. Ndani ya nyumba zilizochongwa katika miamba joto huwa kati ya nyuzi 23 na 25 mwaka mzima. Zaidi ya nusu ya wakazi wake wanaishi humo.

Matmata nayo, kusini mwa Tunisia, ina kipupwe cha kweli. Waamazigh wa huko walichimba ua wa duara kwenda chini mita sita na zaidi, kisha wakachonga vyumba katika kuta za shimo hilo. Wastani wa joto la mwaka katika ukanda huo unazunguka nyuzi 20.

Sasa tuje Lodwar. Mchana joto hufika nyuzi 35, usiku hushuka hadi 24 hivi, na hakuna msimu wa baridi wa kutajwa. Wastani wa mwaka unakaribia nyuzi 30. Atakayechimba nyumba ya mtindo wa Matmata mjini Lodwar atajipatia chumba chenye nyuzi 29 au 30 usiku na mchana, Januari na Julai, huku nje watu wakipata upepo wenye nyuzi 24.

Kwa maneno mengine, Waturkana waliojenga vibanda vyepesi vya matawi na majani ya mikoma, vyenye kupitisha upepo, na ambao hupenda kulala nje, hawakufanya hivyo kwa kukosa maarifa ya kuchimba. Waliisoma hali ya hewa yao sawasawa.

Mfano wa karibuni unaonyesha njia hiyo hiyo. Chuo cha teknolojia ya habari kilichokamilika mwaka 2021 karibu na Ziwa Turkana, kazi ya Francis Kéré, msanifu majengo mzaliwa wa Burkina Faso ambaye mwaka 2022 alikuwa Mwafrika wa kwanza kutunukiwa Tuzo ya Pritzker, hakikuchimbwa ardhini. Kilijengwa kwa mawe yapatikanayo huko huko, na juu yake kikawekewa minara mirefu inayotoa hewa ya moto mfano wa kichuguu cha mchwa. Nyenzo ni za mahali, ila mbinu ni ya upepo na kivuli.

Dodoma ni habari nyingine kabisa. Mji upo kwenye mwinuko wa mita 1,100 na zaidi kutoka usawa wa bahari. Usiku wa Julai joto hushuka hadi nyuzi 13 au 14, na wastani wa mwaka ni nyuzi 22 au 23. Hicho ndicho kiwango ambacho mwili wa binadamu unakitaka. Kama kuna mji mkuu Afrika Mashariki ambao ardhi yake inaweza kufanya kazi ya kiyoyozi, ni huo ambao, tangu uamuzi wa mwaka 2016 wa kuihamishia Serikali huko, umekuwa ukijengwa kwa saruji, vioo na mabati.

Chupa, maji na siku moja

Tuseme basi mahali panafaa. Swali linalofuata ni la udongo wenyewe, na hapa watu wengi huharibu kwa sababu ya haraka.

Udongo wa kujengea ni mchanganyiko. Mchanga na kokoto ndogo hubeba uzito, mfinyanzi hugandisha, na chembe laini zilizo kati yao hujaza nafasi. Kwa matofali mabichi, mfinyanzi wa asilimia 15 hadi 30 hutosha. Ukipungua, tofali hubomoka mkononi. Ukizidi, tofali hupasuka likikauka.

Kipimo chake hakihitaji maabara. Chupa ya kioo hujazwa udongo theluthi moja, maji huongezwa pamoja na chumvi kidogo, kisha hutikiswa kwa nguvu na kuachwa itulie. Mchanga hutua ndani ya dakika chache. Chembe laini hufuata baada ya saa moja au mbili. Mfinyanzi huchukua siku nzima au zaidi, na matabaka yakishatengana huweza kupimwa kwa rula.

Udongo wa juu wenye mizizi na samadi huondolewa. Huo ni wa shamba. Ule mweusi wa mbugani, unaofura wakati wa mvua na kupasuka nyufa za kuingia mguu wakati wa kiangazi, haufai kwa ukuta wala kwa msingi. Unapatikana kwa wingi katika nyanda kame za Kenya na Tanzania, na umekwisha pasua nyumba nyingi za saruji pia.

Adui mwingine wa nchi kame ni chumvi. Katika oasisi ya Siwa, magharibi mwa Misri, wenyeji walijenga mji wa ngome wa Shali kwa karshifu, yaani mabonge ya chumvi na udongo yatokayo kando ya maziwa ya huko. Ilikuwa nyenzo ya mahali kwa kila maana. Mji ulidumu karne kadhaa, hadi mvua ya siku tatu ya mwaka 1926 ilipouyeyusha kiasi cha wengi kuuhama.

Kwa mtazamo wangu, Shali inafaa kukumbukwa kuliko Coober Pedy. Nyumba ya udongo jangwani huuawa na maji mara nyingi zaidi kuliko jua. Mvua inaweza kukosekana miaka mingi kisha ikanyesha usiku mmoja. Matmata yenyewe ilikumbwa na mvua kubwa mwishoni mwa miaka ya 1960, nyumba nyingi zikabomoka, na familia kadhaa zilihamia Matmata Mpya, makazi ya juu ya ardhi yaliyojengwa na Serikali ya Rais Habib Bourguiba.

Dodoma hupata mvua ya milimita 550 hadi 600 kwa mwaka, karibu yote kati ya Desemba na Aprili, na mara nyingi kwa dhoruba. Ua wa shimo mfano wa Matmata ungegeuka bwawa kabla ya Krismasi. Kinachowezekana ni kuchimba kwenye mteremko, nyumba ikiegemea kilima, mfereji wa kuyakatiza maji ukipita juu yake na mawe na kokoto zikiwa nyuma ya ukuta ili maji yaliyopenya yapate njia ya kutokea.

Wairaqw wa nyanda za juu za Mbulu waliijua mbinu hiyo. Nyumba zao za zamani zilizama katika mteremko kiasi kwamba aliye mbali aliona kilima tu, jambo lililowasaidia pia kujificha dhidi ya wavamizi.

Kuna tahadhari moja ambayo wapenzi wa nyumba za ardhini hawapendi kuitaja. Katika maeneo ya Bahi na Manyoni, si mbali na Dodoma, kuna mashapo ya urani. Miamba yenye urani hutoa radoni, gesi isiyo na harufu wala rangi, inayojikusanya katika vyumba vya chini visivyo na hewa ya kutosha na ambayo ni miongoni mwa visababishi vya saratani ya mapafu. Hii haina maana kwamba ujenzi wa ardhini upigwe marufuku. Ina maana kwamba mwamba upimwe kwanza, na bomba la hewa lisihesabiwe kuwa pambo.

Mzigo ulio juu ya kichwa

Ukuta ni rahisi. Mtihani ni paa.

Chumba cha mita 6 kwa 4 kikifunikwa kwa udongo wenye unene wa sentimeta 30 hubeba mzigo wa tani 12 hivi ukiwa mkavu. Ukilowa, uzito huongezeka, na hiyo ndiyo saa ambayo nguzo zilizotafunwa na mchwa husalimu amri. Miti ya kuubeba mzigo huo ndiyo bidhaa ambayo nchi kame haina.

Historia ya pwani yetu inalithibitisha hilo. Kwa karne nyingi majahazi yalipakia boriti za mikoko kutoka Lamu na delta ya Rufiji kwenda Oman na nchi nyingine za Ghuba, kuezekea nyumba ambazo kuta zake zilikuwa za udongo na mawe ya huko. Upana wa chumba, Lamu na ng'ambo, uliamuliwa na urefu wa boriti. Kwa hiyo hata nyumba inayosifiwa leo kama kielelezo cha nyenzo za mahali ilikuwa na paa kutoka bara jingine. Kenya ilipiga marufuku usafirishaji wa boriti nje ya nchi mwaka 1982. Wakati huo Ghuba ilikwisha geukia zege.

Wanubi wa kusini mwa Misri walilitatua tatizo la miti kwa kuiacha kabisa. Waashi wao huegemeza safu ya kwanza ya matofali mabichi kwenye ukuta wa nyuma kwa mwinamo, kisha kila safu hulala juu ya iliyotangulia hadi tao zima likamilike bila ubao hata mmoja wa kulishikilia. Maghala ya aina hiyo karibu na hekalu la Ramesseum, Luxor, bado yana matao yaliyosimama baada ya zaidi ya miaka 3,000.

Msanifu wa Kimisri Hassan Fathy, aliyekosa mbao na chuma wakati wa Vita Kuu ya Pili, alijaribu kujenga matao hayo bila kuwaita Wanubi. Yalianguka. Alipowafuata waashi wa Aswan ndipo alipofanikiwa, na mwaka 1946 akaanza kujenga kijiji cha Gourna Mpya ng'ambo ya Luxor. Nyumba zilikuwa nzuri na zenye ubaridi. Hata hivyo, wanakijiji waliokusudiwa walikataa kuhama kutoka karibu na makaburi ya kale yaliyowapa riziki, na baadaye maji ya chini ya ardhi yenye chumvi yalizila kuta. Nyumba nyingi zilibomolewa.

Kuna na hoja ya tetemeko la ardhi. Desemba 26, 2003 mji wa Bam, kusini mashariki mwa Iran, ulipigwa na tetemeko la ukubwa wa 6.6. Watu zaidi ya 26,000 walikufa, wengi chini ya paa nzito na kuta za udongo zilizosagika na kuwa vumbi lisiloacha hata nafasi ya kuvuta pumzi. Dodoma na Turkana zipo katika Bonde la Ufa. Atakayehubiri kuba na matao ya udongo huku bila kutaja fito, matete au wavu wa kufungia kuta hastahili kukabidhiwa kazi.

Kwa hiyo, msimamo wa gazeti kama hili lisilouza saruji wala udongo unaweza kuwa huu: saruji kidogo mahali pake si usaliti. Ukanda wa zege juu ya kuta, nondo nne pembeni, karatasi nzito ya nailoni chini ya udongo wa paa. Matofali ya kufungamana, ambayo Wakala wa Taifa wa Utafiti wa Nyumba Bora na Vifaa vya Ujenzi (NHBRA) uliyaeneza Tanzania kwa miaka mingi, hushindiliwa kwa udongo wa mahali na saruji kidogo tu, nayo hayachomwi kwa kuni. Hiyo ni tofauti kubwa na tanuri la matofali ya kuchoma, ambalo hutafuna misitu ya nchi ambayo tayari ni kame.

Tembe na aibu yake

Kwa Dodoma, mjadala huu una jina la kienyeji: tembe. Wagogo walijenga nyumba ndefu, fupi kwa kimo, zenye kuta za miti na udongo na paa bapa lililofunikwa kwa udongo, zikiuzunguka ua wa mifugo. Si nyumba ya ardhini kwa tafsiri kamili, lakini kanuni ni ile ile: udongo juu, udongo pembeni, mlango mdogo.

Operesheni Dodoma ya mwanzoni mwa miaka ya 1970 iliwakusanya watu vijijini, na tembe ikawa alama ya yaliyopitwa na wakati. Kaskazini, Kenya iliishi kwa miongo kadhaa na kanuni za ujenzi za mwaka 1968 zilizofuata mfano wa Uingereza, nchi ambayo tatizo lake kubwa la makazi ni baridi.

Hata leo, tafiti za kaya zinazopima hali ya maisha huuliza ukuta ni wa nini, sakafu ni ya nini, na paa ni la nini. Udongo humshusha mwenye nyumba kwenye ngazi ya umaskini, bati humpandisha. Hakuna swali linalouliza chumba kina nyuzi ngapi saa tisa alasiri. Kwa kipimo hicho, familia inayotoka kwenye tembe yenye ubaridi na kuhamia kibanda cha bati huhesabiwa kuwa imeendelea.

Walakini tembe haikusingiziwa tu. Ilikuwa na giza, moshi na, baya zaidi, papasi. Wadudu hao hujificha katika nyufa za sakafu na kuta za udongo na kumuuma aliyelala, na homa ya papasi imewasumbua watu wa Dodoma kwa vizazi. Bibi aliyeikimbia tembe kwa ajili hiyo hakuwa mshamba wa usasa. Alikuwa anawalinda watoto.

Dawa ya nyufa ipo, nayo ni chokaa. Sakafu iliyoshindiliwa vizuri na kusakafiwa, kuta zilizopigwa lipu ya udongo na chokaa na kukarabatiwa kila mwaka kabla ya mvua, humnyima papasi maficho. Watu wa pwani wanaijua chokaa kwa karne nyingi. Waomani nao walichoma mfinyanzi kupata saruji yao ya asili waiitayo saruji kwa matamshi yao, sarooj, wakajengea mifereji ya maji isiyovuja.

Ila kazi hiyo ya kila mwaka ina mwenyewe, na mara nyingi ni mwanamke. Bati halidai kukandikwa. Anayepanga makazi ya nchi kame bila kuihesabu kazi hiyo atashangaa nyumba zake zikiachwa, kama Fathy alivyoshangazwa na Gourna.

Halmashauri zinaweza kuanza na kidogo kuliko mradi wa nyumba za mfano. Katika kila kata, shimo la mita mbili na nusu lichimbwe, kipimajoto kishushwe ndani na usomaji uandikwe kila wiki kwa mwaka mzima, ukiwamo Oktoba na Novemba ambapo joto la Dodoma hufikia kilele. Udongo wa shimo hilo uwekwe kwenye chupa. Maji yakionekana chini wakati wa masika, nayo yaandikwe. Kazi hiyo inaweza kufanywa na walimu na wanafunzi wa shule ya sekondari, na matokeo yake yabandikwe kwenye ubao wa ofisi ya kata, pale ambapo mtu huenda kuomba kibali cha kujenga.